Berlin kwa siku tatu: mwongozo kamili wa makumbusho na sehemu za historia, tukianzia na mjusi wetu wa Tendaguru

Watu wengi wakifika Berlin wanakimbilia Lango la Brandenburg, wanapiga picha, wanaenda kwenye ukuta, wanapiga picha, afu wanarudi hotelini wanasema Berlin nimeimaliza. Mimi nimeshatembeza ndugu na marafiki kwenye huu mji mara nyingi sasa, na kila nikipokea mgeni kutoka nyumbani naanza na kitu kimoja tu, mifupa ya dinosaria iliyotoka Lindi. Ukianza pale, vyote utakavyoviona baadae vinakuwa vinakuhusu, hutembei tena kama mtu aliyekuja kuangalia mali za wenzake.

Nimeupanga huu mzunguko kwa siku tatu, na uzuri wake ni kwamba sehemu nyingi ziko jirani na laini moja ya treni ya chini ya ardhi, U6, ile ya rangi ya zambarau. Ukiishika U6 hupotei. Kama una siku mbili tu, chukua siku ya kwanza na ya tatu, ile sanamu ya malkia Nefertiti wa Misri itakusubiri safari nyingine.

KABLA HUJATOKA NYUMBANI

Kitu cha kwanza kabisa ni siku. Makumbusho mengi ya Berlin yanafunga Jumatatu, afu makumbusho ya Humboldt Forum wao wanafunga Jumanne, kwahiyo mtu anayekuja Jumapili usiku akaondoka Jumatano asubuhi anaweza kukuta milango imefungwa siku zote mbili alizopanga. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ndo siku nzuri kuliko zote, kila kitu kiko wazi na watu sio wengi kama wikiendi. Jumapili nayo maduka yanafungwa karibu yote, kama una kitu cha kununua nunua Jumamosi.

Cha pili, jengo la Bunge, lile lenye kuba la vioo juu. Kuingia ni bure lakini lazima ujiandikishe mapema kwenye tovuti ya Bunge lao, unaandika majina yote kama yalivyo kwenye pasi, na siku hiyo unakuja na pasi yenyewe, sio picha ya kwenye simu. Fanya wiki kadhaa kabla maana nafasi zinaisha. Ukikosa kabisa, pale jirani kuna ofisi inayotoa nafasi zilizobaki, ila unapanga foleni na hakuna uhakika.

Cha tatu, naomba unisikilize vizuri hapa, Pergamonmuseum, yale makumbusho ya vitu vya kale, imefungwa. Picha zake ziko kila mahali mtandaoni na watu bado wanafunga safari kwa ajili yake. Imefungwa yote tangu Oktoba 2023 kwa matengenezo makubwa. Upande wenye ile madhabahu ya Pergamon wamepanga kuufungua 2027, na upande wa Lango la Ishtar la Babeli wametangaza 2037. Ndio, 2037. Kwahiyo usije ukawaahidi watoto.

Na ukisoma sehemu kwamba Jumapili ya kwanza ya mwezi makumbusho ni bure, huo utaratibu uliisha mwaka 2024 baada ya bajeti kukatwa. Kilichobaki ni kwamba walio chini ya miaka 18 wanaingia bure kwenye makumbusho ya serikali ya pale Kisiwa cha Makumbusho, na sehemu nyingi za kumbukumbu ni bure kwa kila mtu, nitazitaja kila tukifika. Kuna pasi ya makumbusho ya siku tatu mfululizo inayoingia zaidi ya makumbusho 30, ila angalia kwanza kwenye orodha yake kama sehemu unazotaka zimo, afu piga hesabu kama kweli utaingia tatu au nne za kulipia. Ukiwa unaingia mbili tu, kata tiketi moja moja.

USAFIRI

Mji umegawanywa kanda tatu, A, B na C. Sehemu zote za kwenye mwongozo huu ziko ndani ya A na B. Uwanja wa ndege wa BER uko C, kwahiyo siku ya kufika na siku ya kuondoka ndo unahitaji tiketi ya ABC, siku za katikati AB inatosha. Ukizunguka sana chukua tiketi ya masaa 24, unapanda treni, tram na basi zote bila kuhesabu.

Sasa sikiliza, ile tiketi ya karatasi ukishainunua kwenye mashine bado haijaanza kazi mpaka uigonge mhuri kwenye kile kiboksi kidogo kilichosimama pale pale stesheni. Hakuna geti la kukuzuia, unaingia tu, na hapo ndo wageni wanapoumia. Mdogo wangu alinunua tiketi yake vizuri, akaikunja akaweka kwenye waleti, tukakaa. Vituo viwili mbele wakasimama vijana wawili waliovaa kiraia kabisa wakatoa vitambulisho, tiketi haina mhuri, faini euro 60. Tulieleza sana, haikusaidia. Ukinunua kwenye simu hiyo shida huna, ila nunua kabla hujapanda.

SIKU YA KWANZA: MJUSI, JIWE NA UKUTA

Panda U6 ushuke kituo kinachoitwa Naturkundemuseum, yaani kituo kina jina la makumbusho yenyewe. Wanafungua saa tatu na nusu asubuhi siku za kazi, jitahidi uwe pale mapema kabla mabasi ya shule hayajafika. Begi kubwa na koti unaacha kwenye kabati, tembea na sarafu za euro 1 na 2 kwa ajili ya hizo kabati, utazihitaji karibu kila makumbusho.

Ukumbi wa kwanza tu ukishakatiwa tiketi, yuko mbele yako. Giraffatitan, kimo chake mita 13.27, mifupa ya dinosaria mrefu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Usikimbilie kumpiga picha kwanza. Nenda karibu na mguu wa mbele uangalie ule mfupa wa juu, wa kuanzia begani mpaka kwenye kiwiko. Una zaidi ya mita mbili. Mfupa mmoja, ni mrefu kuliko wewe na mimi. Baadhi ya pingili za shingo ni za kutengeneza, maana za asili ni nzito na zinavunjika kirahisi, lakini sehemu kubwa unayoiona ni mifupa yenyewe, imetoka Tendaguru, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, na ina miaka kama milioni 150.

Nilimpeleka mjomba wangu hapa, mzee wa Lindi, alikuja kwenye harusi ya binti yake. Akasimama chini ya yule mnyama kimya muda mrefu, mkono nyuma. Nikamwambia mjomba twende tukaone na vingine, akasema, "Ngoja kwanza mwanangu. Huyu alibebwa kichwani, huyu." Na ni kweli kabisa. Wajerumani walichimba kuanzia 1909 mpaka 1913, wakaajiri mamia ya watu wa pale, na hapakuwa na gari wala reli. Mifupa ilifungwa vizuri ikabebwa na wapagazi kichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi kwa miguu, mzigo baada ya mzigo, mpaka zikafika zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Tena kumbuka mwaka. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeisha juzi tu hapo, 1907, na njaa iliyofuata ilikuwa imemaliza watu kusini yote. Waliobeba ndo waliobaki.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Lishike hilo jina ukiwa ndani. Wanasayansi waliosimamia, Werner Janensch na Edwin Hennig, wanatajwa kwenye kila kitabu, lakini yeye ndo alikuwa mtaalamu wa kuitoa mifupa kwenye udongo bila kuivunja na kuwaelekeza wenzake. Suala la huyu mjusi kurudi au kulipiwa limeulizwa mpaka bungeni Dodoma zaidi ya mara moja, na mimi naona wana haki ya kuuliza. Kwenye ukumbi huo huo angalia na wadogo zake, Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus, wote wametoka Tendaguru, yaani ule ukumbi sehemu kubwa ni Lindi.

Usitoke kabla hujaona vitu viwili. Kimoja ni Archaeopteryx, kajiwe kadogo kenye alama za mnyama aliye nusu mjusi nusu ndege, manyoya yake yanaonekana kabisa. Kingine ni chumba cha chupa, samaki na nyoka kwenye spiriti, chupa kama 276,000 zimepangwa kwenye rafu za vioo mpaka juu na taa inapita katikati yake. Watoto wanapenda, wengine wanaogopa, jiandae.

Ukitoka panda tram M8 kuelekea Rosenthaler Platz, sio mbali. Shuka hapo uingie Brunnenstraße, tafuta namba 193. Hakuna makumbusho, ni nyumba ya kawaida ya watu, usigonge mlango. Angalia chini kwenye njia ya miguu. Kuna kibamba cha shaba kama sentimita 10 kwa 10, kimesimikwa kati ya mawe. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, Wajerumani walimwita Mohamed Husen.

Huyu alizaliwa Dar es Salaam 1904, baba yake alikuwa askari wa Kijerumani na yeye mwenyewe aliingizwa jeshini akiwa bado mtoto, wakati wa vita vya kwanza. Mwaka 1929 akafika Berlin kudai mishahara ambayo yeye na baba yake hawakulipwa. Wakamwambia amechelewa kuleta madai. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaigiza kwenye filamu zaidi ya 20, na akafundisha Kiswahili chuo kikuu hapa hapa Berlin. Wanazi walimkamata 1941 kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa kizungu, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen, akafia huko tarehe 24 Novemba 1944. Mimi nikifika huwa nachukua tishu yenye maji kidogo napangusa ile shaba mpaka ing'ae, watu wa Berlin wenyewe wanafanya hivyo kwenye vibamba vya namna hii, viko maelfu mjini kwa ajili ya waliouawa, wengi wao Wayahudi. Soma jina lake kwa sauti, mwombee. Inachukua dakika tano.

Kutoka hapo panda na Brunnenstraße moja kwa moja kwa miguu, robo saa hivi, mpaka uikute Bernauer Straße. Hapa ndo mahali pa kuuelewa ukuta, nakushauri upite hapa kuliko Checkpoint Charlie, kituo cha zamani cha kuvukia mpaka, ambako kibanda ni cha kuigiza na pembeni ni maduka ya zawadi. Ukuta uliogawa Berlin ya mashariki na ya magharibi ulianza kujengwa usiku wa kuamkia 13 Agosti 1961 ukaanguka 9 Novemba 1989. Kwenye mtaa huu nyumba zilikuwa upande wa mashariki lakini barabara ya mbele ya mlango ilikuwa magharibi, kwahiyo watu walikuwa wanaruka madirishani ili watoroke, mpaka madirisha yakazibwa kwa matofali. Sehemu ya wazi ina urefu wa kilomita 1.4, ni bure. Panda ule mnara wa kituo cha nyaraka, ukiwa juu unaona ukuta mara mbili na lile eneo tupu la katikati ambapo walinzi walikuwa wanapiga risasi. Angalau watu 140 walikufa kwa sababu ya ukuta huu.

SIKU YA PILI: KISIWA CHA MAKUMBUSHO

Hii siku ni ya kutembea ndani sana, vaa raba. Kisiwa kina makumbusho matano, la kwanza Altes Museum la 1830 na la mwisho Pergamon la 1930, yote yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1999. Usijaribu kuyamaliza, utachoka na hutakumbuka kitu. Chukua Neues Museum asubuhi, tiketi ya muda maalumu uwe umeshakata mtandaoni, na Humboldt Forum mchana, basi.

Neues Museum ndo nyumbani kwa Nefertiti. Yuko peke yake kwenye chumba kimoja, amewekwa kwenye kioo, taa imefifishwa. Kupiga picha ndani ya chumba chake ni marufuku, na walinzi wako makini, simu weka mfukoni. Zunguka taratibu umtazame kwa upande, utaona jicho la kushoto halina mboni. Alichimbuliwa Amarna, Misri, Desemba 1912 na timu ya Ludwig Borchardt, na Wamisri wanamdai mpaka leo. Jengo lenyewe nalo litazame, lilipigwa mabomu vita vya pili likakaa gofu miaka mingi, lilipofunguliwa tena 2009 waliacha alama za moto na matundu ya risasi yaonekane, ukuta mpya umeunganishwa na wa zamani bila kuficha chochote.

Kula kitu kwanza afu vuka barabara uende Humboldt Forum. Maonyesho mengi ya kudumu ni bure. Lile jengo linalofanana na kasri la kifalme ni jipya, kasri la asili lilibomolewa 1950 na serikali ya mashariki, wao wakajenga bunge lao pale, nalo likabomolewa, afu likajengwa hili. Ndani ndo iko hazina ya makumbusho ya mataifa, vitu vilivyokusanywa, kununuliwa na kuporwa duniani kote, na maelfu vimetoka Tanganyika ya wakati wa Wajerumani, vingine ni nyara za Maji Maji. Vingi viko stoo, havionyeshwi. Mwisho wa 2024 walifungua maonyesho ya historia ya Tanzania waliyoyaandaa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya kwetu, na hayo ndo mambo ya kuulizia pale kaunta ukifika, waulize kuna nini cha Tanzania kwa sasa na kiko ghorofa gani. Usione aibu kuuliza, ni vya kwenu. Zile shaba za Benin nazo ziko, umiliki umesharudishwa Nigeria mwaka 2022 na baadhi zimebaki kwa mkopo.

Ukiwa na nguvu jioni, Alte Nationalgalerie ya picha za kuchora ni nzuri. Kama huna, kaa kwenye majani pale mbele ya kanisa kuu, Lustgarten panaitwa, upumzishe miguu.

SIKU YA TATU: LANGO, BISMARCK NA MAJI MAJI

Asubuhi panda basi namba 100 kutoka stesheni ya Zoologischer Garten. Ni basi la kawaida, tiketi yako ya AB inatosha, na linapita sehemu zile zile ambazo mabasi ya watalii yanakutoza hela nyingi. Shuka kwenye Bunge, panda kubani kama ulishajiandikisha. Ukitoka, Lango la Brandenburg liko hatua chache, limejengwa kati ya 1788 na 1791, wale farasi wa juu Napoleon aliwachukua 1806 akawapeleka Paris, wakarudi 1814. Picha yako piga hapa.

Endelea kusini kidogo utakuta uwanja wa mawe ya kijivu, 2,711, hakuna jina hata moja. Ni kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa Ulaya. Ukiingia katikati sakafu inashuka na mawe yanakuzidi kimo, sauti za mji zinapotea. Usikae wala kupanda juu ya yale mawe kupiga selfi, tafadhali sana.

Kutoka hapo ingia Wilhelmstraße, tembea dakika chache hadi namba 92. Utaona maghorofa ya kuishi na bango la maelezo. Watu wanapita na baiskeli zao, hakuna anayesimama. Hapa ndo ilikuwa nyumba ya Bismarck, kansela wa Ujerumani, na ndani yake kuanzia 15 Novemba 1884 mpaka 26 Februari 1885 walikaa wawakilishi wa nchi 14 wakawekeana masharti ya kugawana Afrika. Mwafrika hakuwepo hata mmoja. Ule mkutano wa Berlin tuliokariri darasani, mahali pake ni hapa. Simama usome bango lote.

Jirani tu hapo upite mtaa ambao tangu Agosti 2025 unaitwa Anton-Wilhelm-Amo-Straße, jina la mwanafalsafa aliyezaliwa eneo ambalo leo ni Ghana na akafundisha vyuo vikuu vya Ujerumani miaka ya 1700 na kitu. Zamani mtaa ulikuwa na jina la kuwatukana watu weusi, na watu walipigania miaka mingi libadilishwe. Ufuate mpaka Friedrichstraße, kituo cha Stadtmitte kiko hapo, rudi kwenye U6 yetu.

Sasa kaa, unaelekea kaskazini, shuka Rehberge. Hii sehemu vitabu vya watalii vingi havina, na kwangu ndo ya lazima. Ukitoka tu juu, kona ya Otawistraße na Müllerstraße, kuna bango la historia ya mtaa, lisome kwanza. Inaitwa Afrikanisches Viertel, majina yalianza kuwekwa wakati wa ukoloni kusherehekea makoloni. Tembea usome vibao: Kongostraße, Ugandastraße, Usambarastraße, Tangastraße. Sansibarstraße ina kisa chake, ni ule mkataba wa 1890, Wajerumani walikubali Zanzibar iwe chini ya Waingereza na wao wakapata kisiwa cha Helgoland.

Katikati ya mtaa kulikuwa na barabara ya Petersallee, ya Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani, yule yule ambaye wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Tarehe 23 Agosti 2024 jina liliondolewa. Kutoka Müllerstraße unaingia Anna-Mungunda-Allee, ya mama wa Namibia aliyeuawa Windhoek 1959 kwenye maandamano, unafika Manga-Bell-Platz, ya mfalme wa Duala aliyenyongwa na Wajerumani 1914, na ukivuka tu hapo unaanza Maji-Maji-Allee.

Miti mikubwa pande zote, magorofa ya kawaida, mama anasukuma kigari cha mtoto, na juu ya nguzo Maji-Maji-Allee imeandikwa. Makadirio ya juu ya waliokufa kwenye vile vita na njaa yake yanafika watu 300,000. Mjomba aliomba nimpige picha chini ya kibao, akavua kofia kwanza. Hiyo picha iko sebuleni kwake Lindi, mjusi hayupo ukutani, hicho kibao kipo.

Ukimaliza rudi Müllerstraße ule, kuna sehemu nyingi za döner, mkate wenye nyama, za Waturuki, waulize kama ni halali watakuambia, na bei ni nafuu kuliko katikati ya mji. Kituo cha Seestraße na Leopoldplatz viko mbele kwenye laini hiyo hiyo, unapanda kokote ulipo. Kama bado kuna mwanga wa jua, badala ya kurudi moja kwa moja hotelini nenda East Side Gallery, kilomita 1.3 za ukuta zilizochorwa na wasanii mwaka 1990, basi namba 300 linakufikisha, ni wazi saa zote na hulipi kitu.